Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Kituo cha Watoto Hapa Kampasi

Haya ndio maswali wazazi hutuuliza getini, kwa simu na kwenye grupu ya WhatsApp. Tumeyaweka pamoja ili ukimleta mtoto ujue unamleta wapi: kituo cha hapa Mombasa kinachofundisha kupitia sanaa, na watoto wenye ulemavu wanasoma pamoja na wenzao. Mengine majibu yake mafupi, mengine yamekuwa marefu manake ndio yanayowanyima wazazi usingizi.

Kituo ni cha nani? Si ni cha watoto wa malekchara tu?

La. Ni cha watoto wa wanafunzi, walimu na wafanyikazi wote wa chuo, awe anafundisha awe anafagia, na nafasi zikibaki tunachukua watoto wa majirani pia. Vyuo vingi duniani vina vituo kama hiki, kwanza mama mwanafunzi asiache masomo kwa kukosa pa kumuacha mtoto, pili wanaosomea ualimu wa chekechea waone kazi yenyewe ikifanywa. Ukiwa unaishi Likoni na klasi yako ni ya asubuhi unavuka feri na mwanao, unamuacha hapa, mchana unakuja kumnyonyesha, jioni mnarudi nyumbani pamoja. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea, kwa hivyo usione haya kuulizia kile chumba, ni haki yako.

Mnachukua watoto wa umri gani?

Kuanzia mwaka mmoja na nusu mpaka anapoingia Gredi ya 1. Wa miaka 4 na 5 wanafuata mtaala wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya kabla ya Gredi ya 1, kama skuli nyingine zote za Kenya.

Kufundisha kupitia sanaa manake nini hasa? Watoto wanashinda wakichora tu?

Hili tunaulizwa kuliko yote. Skuli nyingi sanaa ni kipindi cha Ijumaa baada ya mambo yanayoitwa ya maana kwisha, mtoto anapewa embe lililochorwa tayari alipake manjano asitoke nje ya mstari, akitoka anaambiwa amekosea. Hapa sanaa ndio njia yenyewe ya kufundishia. Hesabu, lugha, mazingira, hata kukaa na mwenzako bila kupigana, vyote vinapitia kwanza mikononi, machoni, mwilini.

Chukua leso. Kuna wiki tulisoma leso tu. Tulizitandika sakafuni watoto wakavua viatu wakazizunguka, ticha akauliza swali moja, unaona nini? Mmoja akaona korosho, mwingine akaona macho ya samaki, na kuna mmoja alishika pindo na kidole akalifuata ukingo wote taratibu mpaka akafika pale alipoanzia, akapiga kelele "imerudi!" Huyo ameshaelewa mzunguko wa umbo kabla ya mtu yeyote kumtajia neno mstatili. Siku ya pili wakapiga chapa zao kwenye kitambaa cheupe, kwa viazi vilivyochongwa na mabamia yaliyokatwa (bamia ukilikata na kulichovya rangi linatoa ua zuri sana, jaribu nyumbani), na hapo ndipo mpangilio ulipokuja, nyekundu nyekundu nyeusi, nyekundu nyekundu nyeusi, mmoja akikosea mwenzake anamshtua. Hiyo ni hesabu kabisa. Halafu leso lazima iwe na jina, yale maneno yanayoandikwa juu yake, kwa hivyo wakakaa wakatunga, kila mtu na lake, ticha akaandika vile vile walivosema na wakaona maneno ya midomo yao yamekuwa maandishi. Mtoto aliyeona hivo hahitaji kulazimishwa kutaka kusoma.

Haya mambo si ya kizungu?

Mengine yametoka huko na hatufichi. Jina linalotajwa sana ni Reggio Emilia, mji wa kaskazini mwa Italia. Vita vya pili vya dunia vilipoisha 1945, wazazi wa kijiji cha Villa Cella karibu na mji huo waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani, na pesa hizo wakajengea watoto wao skuli kwa mikono yao wenyewe. Mwalimu mmoja kijana, Loris Malaguzzi, alisikia habari akapanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli, na kazi hiyo ikawa ndio kazi ya maisha yake. 1963 serikali ya mji ikafungua skuli yake ya kwanza. Skuli zao zina karakana ya sanaa na mtu wa sanaa anayefanya kazi bega kwa bega na walimu. Na watoto wenye ulemavu huko wanaitwa watoto wenye haki maalum, ndio wanaopewa nafasi mwanzo wakati wa kuandikisha. Sisi tumelichukua hilo kama lilivo.

Lakini Mombasa nayo ina lake. Mpango wa chekechea za madrasa ulianzia hapa hapa Mombasa miaka ya 1980, wazee na viongozi wa Kiislamu wa Pwani walitaka watoto wao wapate elimu ya mwanzo bila kupoteza dini na mila, wakaomba msaada kwa Aga Khan, na mpango ukaenda mpaka Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wakitengeneza vifaa kwa vitu vya hapa hapa wakati wengine wanasubiri vya kununua. Na kabla ya yote hayo nyanya zetu walikuwa wanafundisha kwa vitendawili, kwa nyimbo za kubembeleza, kwa kumkalisha mtoto kwenye jamvi na kumpa miyaa asuke ukili. Kwa hivyo mtu asikwambie tumekuja na kitu kigeni.

Mtoto wa jirani ana miaka 4 na anaandika 1 mpaka 100. Wangu atachelewa?

Hatachelewa. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono na misuli ya vidole vya mtoto wa miaka minne bado inakomaa, ukimkalisha saa nzima na penseli anachoka, anaanza kuchukia kuandika, na anajifunza kushika penseli vibaya kwa sababu mkono unatafuta nafuu. Kufinyanga udongo, kurarua makaratasi, kusuka, kukata na makasi, kubana vibanio vya nguo, hayo ndio yanayoujenga mkono wa kuandika. Kusoma pia kunaanzia masikioni. Tunapiga makofi kwa silabi, sa-ma-ki, ki-ko-mbe, tunatafuta maneno yenye vina, tunaimba, na Kiswahili chetu kimejaliwa silabi zilizo wazi kabisa, mtoto akishazisikia vizuri kuja kuzisoma kwake ni rahisi. Na kila mtoto anaandika, ila anaandika kitu chake. Jina lake kwenye kazi yake, bei kwenye duka la kujifanya, barua kwa mamake.

Kuandika mpaka 100 bila kujua kama 7 ni nyingi kuliko 5 ni kukariri tu. Uliza mtoto akuletee vifuu saba uone.

Picha anazoleta nyumbani ni michirizi mitupu. Mnamfundisha kweli?

Michirizi ndio mwanzo, kama vile kubwabwaja kunavyotangulia maneno. Karibu na mwaka mmoja na nusu mtoto anafurahia tu kuona mkono wake umeacha alama. Kwenye miaka mitatu mistari inaanza kujifunga ikawa duara, halafu siku moja duara linaota macho na miguu inayotokea kichwani moja kwa moja, hamna tumbo hamna shingo, na watoto wa nchi nyingi sana wanachora mtu hivo hivo. Usimsahihishe. Usimuulize "hii ni nini?" kama mtu anayedai maelezo, mwambie "nieleze" kisha unyamaze. Nyuma ya kila karatasi tunaandika tarehe na maneno aliyosema, zitunze, baada ya miezi sita uzitandaze uone mtoto amesafiri vipi.

Mwanangu ana ulemavu. Mtamchukua kweli ama mtaniambia nafasi zimejaa?

Tutamchukua. Tunajua wazazi wengi wanafika hapa wakiwa wameshazungushwa kwingine, kuna mama aliambiwa na skuli moja alete mtoto "akishaanza kutembea", kana kwamba miguu ndio inayosoma. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu iliyojumuishwa katika jamii kadiri inavyoafikiana na maslahi yake, na tangu 2018 Kenya ina sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu inayosisitiza wasome pamoja na wenzao. Sheria iko upande wako.

Ila sheria peke yake haimshikishi mtoto brashi. Kazi yetu ni kubadilisha shughuli na chumba, mtoto abaki alivo. Tulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, vidole vyake havikuwa vinaweza kubana brashi nyembamba, ikimponyoka kila saa. Ticha akakata kipande cha slipa ya mpira iliyokwisha, akatoboa katikati akapitisha brashi, mpini ukawa mnene wa kushikwa na ngumi, karatasi ikagandishwa mezani na selotepu isimkimbie. Akapaka buluu, buluu, buluu, mpaka karatasi ikalowa. Siku ya pili watoto wote wanataka brashi ya slipa! Tukatengeneza nyingi na sasa ndio brashi za kila mtu, na wadogo wa miaka miwili zimewafaa kuliko zile za dukani. Mara nyingi tukimrekebishia mmoja tunakuta tumewarekebishia wengi.

Mtoto asiyesikia tunamuweka na wenzake kwenye ngoma. Sakafu ya saruji haipitishi mtetemo vizuri kwa hivyo tumelaza mbao, ngoma inawekwa juu yake, watoto wote miguu mitupu, na mdundo unapanda kupitia nyayo. Mtoto asiyeona, rangi zake tunazipa mguso na harufu, nyekundu ina mchanga ndani, manjano ina bizari, ya udongo ina kahawa, na mistari tunaichora kwa gundi ikikauka anaifuata na kidole. Mtoto mwenye usonji ambaye kelele zinamuumiza ana ratiba ya picha ukutani ajue nini kinafuata, na kuna pembe yenye jamvi na pazia la leso, mtu yeyote akizidiwa anaingia humo bila kuomba ruhusa. Watoto wasio na ulemavu wanaitumia pia, hasa Jumatatu.

Kuna yasiyowezekana hapa na lazima tuseme. Sisi si kliniki. Mazoezi ya fizio na tiba ya kuongea ni kazi ya wataalamu, tunachofanya ni kuuliza mtaalamu wako ni zoezi gani na kulitia ndani ya mchezo. Kama amepewa kunyoosha mkono wa kulia basi kopo la rangi litakaa kulia, mbali kidogo.

Lazima nilete ripoti ya daktari?

Si lazima kuanza. Lakini kama una wasiwasi usingoje "atakua tu". Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hakuonyeshi kitu na kidole, ama wa miaka miwili ambaye hajaunganisha maneno mawili, ama haitikii akiitwa jina, au alikuwa anaongea halafu maneno yakapotea, mpeleke aangaliwe, na anza na masikio manake wengine wanaitwa wakaidi kumbe hawasikii. Kenya ina vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya kielimu vinavyoitwa EARC tangu 1984, huduma yao ndio inayokuelekeza mtoto anahitaji nini skuli. Tunaweza kukuandikia yale tunayoyaona kila siku uende nayo, wanaopima hufaidika sana nayo kwa sababu wao wanamuona mtoto kwa muda mfupi tu.

Nyanya yake anasema ni jini, anataka mtoto apelekwe kwa mganga.

Usigombane naye. Mlete hapa aketi na mtoto asubuhi moja. Nyanya wengi wanaogopa kwa sababu wanampenda mtoto na hawajapata kuona mtoto kama huyo akicheka na wenzake, akiona mwenyewe maneno yanapungua. Dua endeleeni nayo, ila kumchanja chale, kumfungia ndani au kumnyima chakula hapana kabisa, na tukiona alama hizo tutachukua hatua kwa mujibu wa sheria ya watoto.

Watoto wasio na ulemavu hawatarudi nyuma? Hawataiga tabia?

Wataiga, mtoto anaiga kila kitu. Wiki ya kwanza mmoja atajaribu kutikisa mikono kama mwenzake, mwenzake naye atajaribu kusema salamu kama yeye. Kisha linaisha. Kinachobaki ni kwamba wanajua kusubiri zamu, wanajua ishara kadhaa za mikono, na hawamkodolei macho mtu mwenye kiti cha magurudumu pale Marikiti. Kimasomo tunatoa shughuli moja yenye milango mingi, wa mbele ana pa kwenda mbele na wa pole ana pa kushika.

Sisi ni Waislamu. Vipi kuhusu muziki na kuchora viumbe?

Tunalijibu kwa heshima zote manake familia hazifanani. Kuna wasiotaka ala, kuna wasiotaka picha za viumbe, kuna wasioona tatizo kwa mtoto mdogo. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika, na tunafuata. Na Pwani hatuna upungufu wa sanaa, kuna nakshi za milango ya Mji wa Kale zenye maua na mizunguko, kuna maandishi ya khati, kusuka, hina, kufinyanga, dufu kwa familia zinazoridhia, sauti na makofi kwa wasioridhia. Watoto wa Kikristo, Kihindu na wengine wako pia na sikukuu zao tunazisherehekea. Hakuna mtoto anayewekwa kando akitazama wenzake kwa sababu ya dini yake, tunapanga shughuli inayowachukua wote tangu mwanzo.

Mnatumia lugha gani?

Kiswahili zaidi, Kingereza kidogo kidogo, na Lugha ya Ishara ya Kenya kila siku kwa wote hata kama hamna asiyesikia mwaka huo. Katiba kifungu cha 7 inaitaka serikali ikuze lugha za asili, lugha ya ishara na breli. Akija na Kigiriama au Kidigo chake tunakipokea, tunamuomba mamake atupe wimbo mmoja.

Vifaa mnatoa wapi, na viko salama?

Vingi havinunuliwi. Vifuu, makuti, kombe, vifuniko vya soda, maboksi, vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Rangi ya vidole tunapika wenyewe kwa unga wa ngano, maji, chumvi na rangi ya chakula, akilamba si neno (ila kama mtoto hawezi ngano tuambie mapema). Rangi ya nyumba hairuhusiwi, inaweza kuwa na madini ya risasi na hiyo inadhuru ubongo wa mtoto. Walio chini ya miaka mitatu hawapewi kitu kinachoweza kumezwa.

Nguo zinachafuka!

Zitachafuka. Mvalishe za zamani.

Hao wanafunzi wa chuo wanaoingia darasani ni kina nani? Na picha za watoto?

Wanasomea ualimu na wako chini ya ticha wetu wakati wote, hawaachwi peke yao na mtoto, hawampeleki chooni. Picha tunapiga ili kuandika safari ya mtoto na mafunzo yake, lakini chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019 taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi, kwa hivyo bila saini yako hatupigi, na ukisaini leo unaweza kubadili nia kesho. Hakuna picha ya mtoto inayowekwa mtandaoni na wanafunzi.

Mbona hakuna graduesheni ya majoho?

Majoho ni gharama na mtoto anashinda juani akisubiri jina. Badala yake mwisho wa mwaka tunafungua maonyesho, kazi za mwaka mzima zinatundikwa kwa urefu wa macho ya mtoto, na yeye ndiye anayekutembeza. Asiyeongea anakuvuta mkono mpaka kwenye yake. Wazazi wengine mwanzo hununa, wakishatembezwa hununua wenyewe fremu.

Nyumbani nifanye nini?

Mpe kazi ya kweli. Akande unga wa chapati na wewe, apange samaki kwa ukubwa, akuchagulie leso ya kuvaa. Simu isizidi. Kipande cha mkaa na baraza linaloweza kuoshwa kinamtosha kabisa mtoto wa miaka mitatu jioni nzima.

Karo je?

Inategemea kama wewe ni mwanafunzi, mfanyikazi au jirani, ulizia ofisini. Mtoto mwenye ulemavu halipishwi zaidi ya mwenzake.

Nataka kumleta, naanzaje?

Njoo naye asubuhi bila fomu yoyote, ukae naye ndani, msikae mlangoni. Siku za mwanzo baki, mpaka aache kukuangalia kila dakika, na siku ya kumuacha muage, usimtoroke akigeuka. Lete nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, nguo za kubadilisha, pampasi kama bado anavaa, na kitu kimoja cha nyumbani anachokipenda hata kama ni kitambaa kichakavu. Kama anatumia kifaa cha kusikia lete betri za akiba, hapa karibu hazipatikani kirahisi.